Hao si bata, mwanangu, hao ni watu

Juzi mtu ameniuliza tena mitambo ya redio nimeinunua wapi na imenila milioni ngapi. Nimeona niandike, kwa sababu milioni haikufika hata karibu. Ukitoa pesa nilizopoteza kwa kusikiliza ushauri mbovu, karibu kila kilichopo mezani kwangu hapa Tukuyu nilipewa bure, na waliotoa wengine sijawahi kuwaona kwa macho.

Nilianza na redio ya marehemu baba, ile kubwa ya mawimbi mafupi aliyokuwa akisikilizia Sauti ya Ujerumani baada ya chakula cha usiku. Alipofariki nikaichukua. Jioni moja nazungusha mshale, chini kidogo ya alama ya mita 41, nikakutana na sauti za ajabu. Kwak-kwak-kwak, zinakatika, zinajibizana, kama bata wamefungiwa kwenye tenga. Kesho yake saa zile zile, zipo tena.

Nikaipeleka kwa fundi Mbeya mjini. Akasema kondensa zimekufa, akabadilisha. Bata wapo. Akasema spika, akabadilisha na spika. Bata wapo. Mwisho akaniambia redio imezeeka, niitupe, yeye ana nyingine ya kuniuzia kwa laki mbili na ushee. Mwingine akanishauri nifunge waya wa antena kwenye bati la nyumba, eti bati lote litageuka antena. Nilifunga, na redio ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga: kila taa, kila chaja ya simu, hadi mashine ya jirani anayechomelea mageti, vyote vikaingia ndani ya redio. Mambo yote hayo, pamoja na nauli za kupanda na kushuka, yalinitoa kama elfu themanini. Mpaka leo yananiuma, maana ugonjwa wenyewe haukuwepo. Redio ya baba ilikuwa nzima siku zote.

Aliyenifungua macho nilikutana naye msibani Mafinga. Mzee wa Iringa, fundi wa simu mstaafu, anakaa Gangilonga. Tulikaa benchi moja usiku wa kuamkia mazishi, tukaongea habari za redio kwa sababu kulikuwa na kijiredio kinalia pembeni. Nikamweleza kuhusu zile sauti. Akaniuliza mambo mawili tu: mshale unakuwa wapi, na ni saa ngapi. Nikamjibu. Akatabasamu.

"Hao si bata, mwanangu. Hao ni watu."

Akanieleza kwamba ni watu wa redio ya ridhaa, wanaoongea kati ya nchi na nchi kwa mapenzi tu, bila kulipwa. Ili wasipoteze nguvu ya umeme, hawarushi lile wimbi linalobeba sauti. Wanalikata, na upande mmoja wa sauti wanaukata pia, kinachokwenda hewani ni nusu iliyobaki. Redio ya kawaida inalitegemea wimbi lile, na ikilikosa sauti inatoka imepondeka. Dawa yake ni kuirudishia redio kile kilichokatwa.

"Una redio nyingine ndogo, ya mshale, yenye mawimbi mafupi?" akaniuliza.

Ngoja niieleze hii kwa kirefu, maana sijaona akiieleza mtu na kwangu ina thamani kuliko redio ya laki mbili. Ndani ya redio za mshale za aina hii kuna kiwanda kidogo cha mawimbi. Ukiweka mshale kwenye namba fulani, kile kiwanda kinapiga juu yake kwa kilohezi 455. Na kinavuja kidogo nje, ukiwa karibu unakipata. Kwa hiyo kama bata wapo kwenye kilohezi 7,100, redio ya pili unaiweka 6,645, unaizima sauti kabisa, unaisogeza ubavuni mwa ile kubwa. Kiwanda chake kitapiga 7,100 pale pale, na wimbi lililokatwa limerudi.

Redio ndogo niliazima kwa mama mwenye duka la mbele yetu. Usiku wa kwanza sikupata kitu, wa pili sikupata kitu. Usiku wa tatu nikampigia mzee. "Shikamoo mzee, imegoma." Akaniuliza nimeweka wapi, nikamwambia 7,555. Akacheka kwa upole. "Teremka, mwanangu. Umepanda. Mshale ukae kati ya alama ya 49 na ya 41."

Nikateremka. Chumba kizima kiko kimya, mvua ya Tukuyu ndiyo kwanza imekatika, maji yanadondoka kwenye migomba. Nazungusha kwa ncha ya kidole, taratibu kama anayefungua kufuli la watu. Kwanza ikatoka filimbi kali, nyembamba, ikawa inashuka, inashuka, inakuwa nzito, ikapotea kabisa. Na palepale bata akageuka mtu. Mwanaume mtu mzima, Kiingereza cha Afrika Kusini, anamweleza mwenzake kwamba shambani kwake mvua imenyesha baada ya kiangazi kirefu na ng'ombe wamesimama tu uwanjani wanalowa, hawataki kuingia zizini. Nikitoa mkono sauti inapanda na kuwa nyembamba, nikiurudisha inashuka, kwa hiyo nilikaa na mkono umening'inia hewani karibu saa nzima. Karibu kilomita 2,000 zilikuwa kati yetu. Nililia, na sioni haya kusema. Nilimkumbuka baba.

Wiki ile ile mzee akanipigia: niende stendi, basi la Kyela linapita saa fulani, nimuulize kondakta. Nikapewa boksi la viatu limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani, kwenye gazeti, kuna waya wa shaba kama mita 22, vipande vitatu vya kauri vya kufungia, na pete nne nyeusi za feraiti alizozitoa kwenye nyaya za kompyuta mbovu. Karatasi moja imeandikwa kwa penseli: "10 na 10. Katikati zisigusane. Iwe mbali na bati." Kila kitu alikuwa amekipangusa vumbi. Nikampigia kuuliza bei, akaniambia siku nikienda Iringa nimbebee ndizi.

Hesabu ya zile kumi na kumi ni rahisi: gawa 143 kwa megahezi unayoitaka, upate urefu wa waya wote kwa mita. Kwa 7.1 inakuja 20 na kitu. Unakata katikati, unashusha waya wa antena ya televisheni hadi redioni. Msimu wa radi chomoa na utupe ncha nje ya dirisha, kwetu huku radi si mchezo. Kelele za ndani ya nyumba nilizisaka kwa kijiredio kile kile cha mama wa duka: zima mein-swichi, washa kimoja kimoja, tembea nacho. Mkosaji mkubwa alikuwa kontrola ya sola, si Tanesco kama nilivyoambiwa. Nikapitisha nyaya zake kwenye pete za mzee mara saba, akanyamaza.

Hapo ndipo nikamwandikia yule bwana wa mvua. Hawa watu kila mmoja ana alama yake ya wito: Afrika Kusini wengi wanaanza na ZS, Kenya 5Z, Zambia 9J, Malawi 7Q, na sisi Tanzania 5H. Alama yake niliinakili, anwani nikaipata kwenye intaneti. Unamweleza ulimsikia lini, saa ngapi, kwa nguvu gani, akithibitisha anakutumia kadi, wao wanaiita QSL. Nikaandika kila kitu, pamoja na ng'ombe na mvua. Saa nikaandika 3:00 usiku.

Kadi ilifika baada ya miezi minne hivi. Picha ya kinu cha upepo shambani, nyuma mwandiko wa mtu mzima. Alikuwa amepekua daftari lake, saa 03:00 hakukuta kitu, alikuwa amelala. Mtu mwingine angeitupa barua. Yeye alirudi kwenye ile mvua, akaitafuta tarehe, akakuta mazungumzo yale ni saa 18:00 kwa saa ya dunia. Kisha akatafuta kujua Waswahili wanahesabuje saa, na akagundua kwamba saa tatu yetu ya usiku ndiyo 18:00 yake hasa. Ndani ya bahasha akaweka na jedwali alilolichora kwa rula, saa zetu upande huu, za dunia upande ule, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili. Limebandikwa ukutani juu ya redio hadi sasa.

Mimi bado ni msikilizaji. Kurusha kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na usijaribu bila hiyo. Lakini mzee aliponiazima risiva yake nzuri, mpwa wangu akaleta kompyuta, tukaweka programu ya WSJT-X. Ni ya bure. Kiongozi wa walioitengeneza ni Joe Taylor, Mmarekani aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1993. Mwaka 2017 yeye na Steve Franke wakaitoa FT8, namna ya mawasiliano iliyomo ndani ya programu hiyo, inayosoma ishara hafifu ambazo sikio halizisikii, kwa vipande vya sekunde 15. Saa ya kompyuta tu iwe sahihi, ikikosea hata sekunde chache huoni kitu. Mtu mwenye Nobeli ametupa kazi ya mikono yake sisi wa Tukuyu, hajatuuliza hata majina.

Desemba nikaenda Iringa na mkungu wa ndizi na gunia nusu la viazi. Mzee akanipokea getini, "Kamwene!", akanionyesha kadi zake, boksi tatu. Wakati wa kuaga akanipa roli nyingine ya waya. Nikamwambia mzee, ule wa kwanza bado mzima.

"Huu si wako," akasema. "Ni wa atakayekuja kukuuliza."

Aliyekuja ni kijana wa kidato cha tatu kutoka Ushirika, ana redio ya babu yake na anasema ina sauti kama za bata. Jumamosi tulipanda mparachichi wao, yeye juu, mimi nashika kamba. Kauri ameifunga mwenyewe, fundo mara mbili. Redio ndogo ya mama wa duka iko kwake wiki hii.