Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya mtunza stoo anayehisi ana usonji (autism) wa aina iliyoitwa Asperger

Saa 10:40 alfajiri

Naamka kabla simu haijalia. Asubuhi yangu ina mpangilio mmoja tu: kuoga, chai ya rangi, mkate mkavu, kisha nguo. Blauzi zangu za kazi zote ni za mshono mmoja, na lebo za shingoni nimezikata. Lebo ikinigusa shingo, kutwa nzima siwazi kitu kingine. Miaka yote niliamini kila mtu anateseka na lebo, ila wenzangu wana subira kunizidi.

Saa 12:05

Kimara. Nawahi mwendokasi hapa linapoanzia ili nipate kiti cha dirishani, maana tukifika Ubungo hakuna pa kusimama. Vizibo vya masikio nimeshaviweka. Bila hivyo mlio wa milango, simu za watu na mtoto anayelia vinaniingia vyote kwa nguvu ileile, hakuna kinachokubali kukaa nyuma ya kingine.

Saa 1:30

Kazini, duka la dawa la jumla, Kariakoo. Shikamoo kwa mzee mlinzi, za asubuhi kwa dada wa mapokezi, nyumbani wazima, watoto hawajambo. Kwenye salamu sina shida hata kidogo, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyenishtukia mapema. Swali linajulikana, jibu linajulikana, ukishazishika unaonekana mchangamfu. Ugumu unaanza salamu zikiisha, watu wakabaki wamesimama, mmoja anadokeza jambo, mwingine anacheka, nami sijui kama zamu yangu imefika.

Halafu kuna macho. Karibu kila maelezo ya Asperger yanamtaja mtu asiyewatazama wenzake machoni. Mimi nimekulia Muheza, ambako binti akimkazia macho mkubwa anaambiwa hana adabu. Niliinamisha macho, nikasifiwa. Walimu waliandika kwenye ripoti: mtulivu, msikivu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto huyo msikivu akirudi nyumbani anaingia chini ya kitanda na hatoki mpaka magharibi.

Saa 2 hadi saa 6

Stoo. Napapenda huku, na sioni haya kusema. Dawa inayokwisha muda mapema ndiyo inayotoka kwanza, hata kama imeingia jana. Insulini na oksitosini zinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na joto linaandikwa asubuhi na jioni. Leo kwenye mzigo wa amoksilini maboksi mawili yalikuwa na namba ya bachi isiyokuwemo kwenye ankara. Niliyaona kabla sijaanza kukagua. Tumeyaweka pembeni, msambazaji amepigiwa.

Saa 7 mchana

Wenzangu wanakula pamoja kwa mama ntilie. Mimi nakula wali maharage nyuma ya stoo, na leo nampigia mama. Mtu mzima akienda kuchunguzwa, daktari anataka kujua alikuwaje utotoni, kwa sababu hali hii haianzii ukubwani. Anayeujua utoto wangu ni mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamuuliza nilianza kusema lini. Akasema mapema sana, tena nilisema kama mtu mzima, majirani walikuwa wananiita wanisikie. Kisha bila kuulizwa akaongeza: "Na yale mabasi. Mimi nauza machungwa stendi, wewe umekaa kwenye kreti unataja namba za mabasi yote yaliyopita tangu asubuhi. Ukikatizwa, unaanza upya."

Ilibidi nikae chini. Kuna dodoso la dalili za usonji, la maswali 50, lililotungwa na watafiti wa Cambridge mwaka 2001, watu wazima wengi huanzia hapo. Alama 32 na zaidi ni dalili kwamba inafaa ukachunguzwe, ingawa dodoso lenyewe halithibitishi chochote. Nilizipita. Baadhi ya maswali yametungwa kwa maisha ya mbali na yangu, kama lile la kuchagua kati ya ukumbi wa maigizo na makumbusho. Lakini swali mojawapo linauliza kama huwa unaziona namba za magari. Mama hajawahi kuliona dodoso hilo.

Saa 9:20 alasiri

Bosi anatangaza tuhesabu stoo nzima sasa hivi. Kazi yenyewe naiweza kuliko wote. Kinachoniangusha ni "sasa hivi". Mikono inakuwa ya baridi, maneno yanakwama, naulizwa kitu na sauti haitoki. Zamani waliita kiburi. Sasa nina kadi mfukoni niliyoandika mwenyewe: *Naomba dakika kumi, nitarudi.* Dada wa mapokezi, ambaye nimemweleza, anaichukua na kumpelekea bosi. Nakaa kwenye chumba cha maboksi matupu, taa imezimwa. Narudi, tunahesabu.

Saa 12 jioni

Sinza, nyumbani kwa mama mmoja mwenye mtoto mwenye usonji. Aliwahi kumpeleka mwanawe kliniki, akajibu maswali ya daktari, na katikati ya majibu akagundua anajieleza yeye. Huduma nyingi za usonji nchini zimejengwa kwa ajili ya watoto, kwa hiyo akatutafuta watu wazima mmoja mmoja. Tuko fundi umeme, mwalimu wa hesabu, binti wa chuo na mimi.

Hapa mazungumzo ya siku yanatumwa jana yake. Taa kubwa haiwashwi. Kushikana mikono si lazima, kukaa kimya si kosa, na mwalimu anaweza kuzungumzia reli ya kati nusu saa nzima na kuna atakayemuuliza swali. Sijawahi kukaa na watu saa mbili nikatoka bila kichwa kuniuma, ila hapa.

Leo tumejadili jina. Fundi analipenda la Asperger, ndilo alilojitambua nalo. Jina hilo lilienezwa na daktari wa Uingereza, Lorna Wing, mwaka 1981, kutokana na kazi ya Hans Asperger ya Vienna ya 1944. Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili uliliondoa mwaka 2013 na kuliunganisha na usonji, na ule wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulioanza kutumika 2022 ukafanya vilevile. Mwenyeji wetu hataki kulisikia: utafiti wa mwanahistoria Herwig Czech uliotoka 2018 ulionyesha Asperger alishirikiana na mfumo wa Wanazi na kuwapeleka watoto Am Spiegelgrund, kliniki ya Vienna walimouawa watoto wenye ulemavu. Mimi niko upande wake. Siwezi kujiita kwa jina la mtu aliyepima ni mtoto gani anafaa kuishi. Fundi amesikiliza, amesema atafikiri, na hakuna aliyemkaza.

Kisha zamu yangu. Wamenisaidia kupanga karatasi ya daktari kwa umri: kabla ya shule, msingi, sekondari, kazini. Mabasi yameingia kabla ya shule. Mama anakuja Jumapili, nitampokea stendi ya Magufuli. Jumatatu tunakwenda hospitali, na mwenyeji wetu amesema atakaa nasi foleni, maneno yakinikwama amsomee daktari yaliyoandikwa.