Asubuhi katika Bustani ya Kasri la Egerton

Jumamosi iliyopita mimi na mama tulitoka Nakuru mjini hadi Ngata, kulitembelea kasri ambalo mlowezi Mwingereza, Lord Maurice Egerton, alianza kulijenga mwaka 1938 na ambalo, kwa sababu ya Vita Vikuu vya Pili, halikukamilika hadi 1954. Wengi huenda kuona vyumba vyake. Mimi nilivutwa na bustani. Umande ulikuwa haujakauka, na pembeni mwa njia niliwakuta sisimizi wakikokota petali nyekundu iliyowazidi ukubwa mara kadhaa, nikachuchumaa pale mpaka mama akaniita mara ya pili. Yeye alikuwa akipima kwa hatua nafasi kati ya mti na mti, jambo tunalolisahau tunapobananisha miche uani. Jioni aliing'oa miche yetu mitatu ya parachichi, akaipanda upya, kila mmoja mbali na mwenzake.