Kabla hujaandika "hajaelewa"

Litazame darasa la Kiingereza likisoma kwa sauti kwa zamu, dawati hadi dawati. Mwanafunzi wa safu ya tatu hasikilizi. Anahesabu vichwa vilivyo mbele yake, kisha aya, anaipata yake na kuirudia kimoyomoyo hadi zamu imfikie. Akishasoma anashusha pumzi, na hapo napo hasikii kitu. Maswali ya ufahamu yakija anapata mawili kati ya kumi, na mwalimu anaandika "hajaelewa". Angeelewaje kifungu ambacho hakukisikia?

Hivyo ndivyo wasiwasi wa lugha unavyoshusha alama. Ili useme sentensi moja ya Kiingereza lazima akili ishike wazo, itafute neno na ipange wakati wa kitenzi, yote kwa pamoja. Nafasi ya akili kushika mambo kwa wakati mmoja ni finyu. Ikiingia hofu ya kuchekwa, kitu kimoja kinadondoka, na mara nyingi ni sarufi anayoijua vizuri akiandika. Kumwambia "usiogope" hakumpunguzii chochote. Kunamkumbusha tu kwamba anaonekana.

Ukitaka kuupima wasiwasi huo, ipo hojaji ya mtafiti Elaine Horwitz na wenzake ya mwaka 1986: kauli 33, kila moja alama 1 hadi 5, jumla 33 hadi 165. Wengi huharibu sehemu tatu. Wanaigawa kwa Kiingereza kwa watoto wanaokihofia Kiingereza. Wanadai majina. Na wanasahau kwamba kauli 9 zimegeuzwa, yaani zinaeleza utulivu, hivyo 5 lazima ihesabiwe 1, na 4 ihesabiwe 2. Usipozigeuza, jumla haina maana.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2019 ulikuta uwiano hasi wa takriban 0.36 kati ya wasiwasi na ufaulu, yaani wasiwasi ukipanda, ufaulu huelekea kushuka. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe: kama asilimia 13 ya tofauti za alama inaendana na wasiwasi. Si haba, ila si kila kitu. Tena uwiano hausemi kipi kilitangulia: asiye na msamiati naye ana sababu halali ya kuogopa, na huyo anahitaji kufundishwa, si kubembelezwa.

Darasani, anza na mpangilio wa swali. Uliza, wape dakika moja waandike jibu, dakika mbili wajadiliane na jirani, ndipo utaje jina. Ukishalitaja, subiri angalau sekunde 3; walimu wengi huingilia kabla hata ya sekunde moja kupita. Mwanafunzi akiongea, usimkatize kurekebisha matamshi. Andika makosa pembeni, kisha mwisho wa kipindi weka mawili au matatu ubaoni bila jina la mtu. Kusoma kwa zamu kuache kabisa: kila mtu asome kimya kwanza, halafu wawiliwawili.

Kwenye mtihani wa mazungumzo, swali la kwanza liwe jepesi na lisilo na alama, na mgawanyo wa alama ujulikane wiki moja kabla. Wanafunzi wengi hudhani matamshi ndiyo yanayobeba karibu alama zote.

Rudia hojaji baada ya muhula mmoja, lakini si wiki ya mitihani. Wiki hiyo kila mtu ana wasiwasi, hata wa hisabati.