Maili Tano Magharibi ya Daraja la Pecos

Barabara Kuu ya 90, kutoka Del Rio kwenda Langtry huko kusini-magharibi mwa Texas, haikupindishwa kuvikwepa vilima. Walioijenga walivilipua. Kila kilima kilichokuwa njiani kimeachiwa kuta mbili za mawe ya chokaa, moja kila upande wa lami. Nyingine zina kimo cha mtu, nyingine zinaipita nyumba ya ghorofa. Mpita njia haoni kitu pale. Lakini anayemtafuta nyoka-mfalme wa mikanda ya kijivu, *Lampropeltis alterna*, hana mahali pengine pazuri kama hapo. Nyoka huyu hana sumu ya kumdhuru mtu, wala asichanganywe na swila mfalme wa Asia. Huishi ndani kabisa ya nyufa za miamba na hutoka usiku kuwinda mijusi waliolala. Pale ambapo mwamba haujakatwa, unaweza kuwa jirani yake miaka na miaka usimwone.

Tulikwenda mwishoni mwa Mei 2014, watu watatu: mzee mmoja Mmarekani aliyezijua kuta hizo tangu miaka ya 1980, kijana wa Tanga aliyekuwa akisoma Houston, na mimi. (Mama yake kijana hajaambiwa hadi leo.) Usiku wenyewe ulichaguliwa. Mwezi ulikuwa ndiyo kwanza uandame, na usiku usio na mbalamwezi ndio unaopendwa na watafutaji. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Meksiko, na mgandamizo wa hewa ulikuwa ukishuka tangu alasiri. Giza lilipoingia sawasawa kipimajoto kilionyesha nyuzi 27 za Selsiasi, na kati ya 24 na 29 ndipo penye matumaini. Mzee anauamini mgandamizo wa hewa kuliko kitu chochote. Mimi nauamini unyevu zaidi: ukame ukishika, hata mgandamizo ushuke vipi, utatembea mpaka alfajiri ukiambulia tandu.

Sheria nayo ina sehemu yake. Mwaka 2007 Texas ilipiga marufuku kukamata watambaazi kandokando ya barabara za umma, kisha 2011 ikaruhusu tena kwa masharti. Uwe na leseni ya uwindaji pamoja na stempu ya watambaazi na amfibia, ambayo ni dola 10. Uvae kizibao chenye vitambaa vya kuakisi mwanga, mbele na nyuma. Utafute kwa miguu, nje ya lami. Kumulika ukuta ukiwa ndani ya gari ni kosa, na ardhi iliyo nyuma ya seng'enge ni ya mtu. Huko haendi mtu bila kuuliza kwanza. Gari huegeshwa nje kabisa ya lami na taa za tahadhari zikiwaka. Lori linapokuja, unasimama na kuugeukia ukuta mpaka lipite, maana upepo wake hubeba kokoto.

Kuusoma ukuta ni kazi ya taratibu. Tochi ya kichwani haitoshi peke yake. Mzee hushika nyingine ya mkononi karibu na jicho, ili mwanga uingie ndani ya ufa sambamba na macho yake. Mulika kutoka chini kwenda juu, hatua moja, kisha rudia. Ukifika mwisho wa ukuta, rudi ukiutazama tena kutoka upande wa pili, kwa kuwa ufa ulioinama huonyesha tumbo lake kwa anayetoka mashariki na kumficha kila kitu anayetoka magharibi. Ukiona cheche za kijani na buluu zinametameta mamia kwa mamia, hayo ni macho ya buibui. Jicho la nyoka halikupi msaada huo. Unachotafuta ni kipande cha rangi ya machungwa mahali ambapo jiwe lote ni la kijivu, au mstari uliopinda kuliko ufa unavyopinda.

Wanaokosa, mara nyingi wanakosa kwa haraka. Ukuta wa mita mia unataka dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, na wengi huumaliza kwa tano.

Kabla ya saa sita usiku tulikuwa tumeona mjusi kafiri wa mistari, tandu mkubwa mwenye kichwa chekundu, na nyoka-panya wa Trans-Pecos (yaani Texas ya magharibi ya mto Pecos), wa rangi ya mchanga na macho yaliyotokeza, akiwa na kupe wake. Kupe huyo, *Amblyomma elaphense*, ni wa nyoka huyo hasa, kiasi kwamba wenye uzoefu humtambua nyoka kwa kupe. Tulimwacha aende zake. Chini ya ukuta uliofuata alikuwapo nyoka-njuga wa mkia mweusi, mwenye sumu, amejikunja kwenye kifusi. Hii ndiyo sababu miguu humulikwa kabla ya ukuta.

"Kaka, hapa juu," kijana akaniita, mkono ukienda kwenye ufa.

"Usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika," nikamwambia, naye akaurudisha.

Alikuwa amemwona kweli. Nyoka alikuwa usawa wa kifua, robo ya mwili nje, kichwa kipana kikielekea chini, macho makubwa ya kijivu. Hapa ndipo wengi huharibu. Nyoka aliyeshikwa akiwa nusu ndani hujivimbisha na kujibana kwenye mawe, na ukimvuta utamvunja mbavu au uti wa mgongo. Mzee alizima tochi kubwa, akaiacha ndogo na kuielekeza pembeni, tukangoja. Nyoka alipotoa kama theluthi mbili ya mwili, mzee aliweka kiganja kati yake na mdomo wa ufa, na mkono wa pili ukamwinua kutoka chini bila kumbana. Hakutumia nyundo wala mtaimbo. Ufa uliobanduliwa kwa mtaimbo haurudi kuwa nyumba ya nyoka, na mtu akisema amempata mmoja kwa njia hiyo, mimi huhesabu kwamba amewapoteza wote watakaofuata.

Alikwenda ndani ya foronya iliyogeuzwa nje-ndani, ili asinaswe na nyuzi za mshono, fundo likakazwa vizuri juu, na foronya ikatiwa kwenye ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Alikuwa na upana mkubwa wa machungwa mgongoni, kila kipande kikiwa na ukingo mweusi na mstari mwembamba mweupe.

Ubishi ulianza kwenye kuandika. Kijana alikuwa ameshaandika "Langtry" kwenye kadi ya mahali nyoka alipopatikana. Hoja yake ilikuwa na mantiki: jina hilo linajulikana, wafugaji wa nyoka wanalitafuta, na lile ndilo eneo lenye jina lililo karibu kwa upande tunaoelekea. Mzee aliifuta. Tulikuwa maili tano magharibi ya daraja la mto Pecos, na Langtry ilikuwa bado mbele sana.

Kwa asiyefuga hilo ni ubishi wa bure, lakini ndilo jambo lenyewe. Mwaka 1901 Arthur Erwin Brown alimweleza nyoka huyu kutokana na mmoja wa milima ya Davis Mountains, Texas, mwenye mikanda myeusi myembamba juu ya kijivu. Mwaka 1950 wale wenye machungwa mapana, kutoka karibu na Dryden, wakapewa jina lao kama aina nyingine, *blairi*. Kisha ikaja kuonekana kwamba yai la upande mmoja na yai la upande wa pili hutoka katika kiota kimoja. Kwa hiyo rangi haikuambii nyoka alikotoka. Kila eneo anakopatikana lina sura zake: Sanderson ina zake, Black Gap ina zake, Christmas Mountains zake, barabara ya Juno zake, lakini hizo ni tabia za wingi. Nyoka mmoja akikosa kadi, hakuna mtaalamu atakayeitazama ngozi yake akamrudishia kwao. Na kadi iliyoandikwa jina la karibu ni mbaya kuliko isiyokuwapo, kwa sababu watu huiamini.

Kadi ilisomeka hivi mwishowe, kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka foronya ikilowa: Barabara Kuu ya 90, maili 5.0 magharibi ya daraja la Pecos, wilaya ya Val Verde, ukuta wa kaskazini unaotazama kusini, mita 1.3 kutoka ardhini, saa sita na robo usiku, nyuzi 25, upepo hafifu, machungwa mapana, jike kwa kukisia. Vipimo kamili vya ramani vilibaki kwenye daftari la mzee, visitangazwe. Ukuta ukijulikana mno huandamwa na wenye mitaimbo.

Nyumbani alitengwa na nyoka wengine siku 90, kinyesi kikapimwa minyoo na vimelea. Boksi lilikuwa la sentimita 60 kwa 40, lenye maranda ya mti wa aspen. Ya mwerezi hayafai, mafuta yake humdhuru nyoka. Upande wa joto ulikuwa nyuzi 29 na kebo yake ya joto ikifungwa kwenye themostati (kidhibiti joto), upande wa baridi 23. Maficho yawe ya kubana, mfano vigae viwili vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, maana nyoka wa nyufa akipewa pango kubwa hukataa kula. Wa porini wengi hawamtambui panya kuwa chakula. Panya aliyeyeyushwa barafu husuguliwa kwa mjusi, na mjusi mwenyewe awe amegandishwa kwanza, kupunguza hatari ya vimelea. Chakula hutolewa taa zikiwa zimezimwa. Harufu hupunguzwa kidogo kidogo: kichwa kizima, halafu pua tu, halafu basi.

Dume alipatikana kwa mzee, na alifaa kwa sababu moja: kadi yake ya zamani ilitaja barabara ileile na maili zilizokaribia kabisa zetu. Yule kijana alikuwa na dume zuri kuliko huyo, lenye mikanda myeusi myembamba, lililoandikwa "Trans-Pecos" bila maelezo zaidi. Halikutumika.

Kabla ya kipupwe chakula husimamishwa wiki mbili hadi tatu ili tumbo liwe tupu, la sivyo chakula huoza ndani. Kisha nyoka huwekwa kwenye nyuzi 10 hadi 13, gizani, maji yakiwapo, kwa wiki nane hadi kumi. Wakipashwa joto na kulishwa vizuri, hukutanishwa masika. Jike alitaga mayai sita kwenye kikopo chenye kuvumwani ya bwawani (moss) yenye unyevu. Yakahamishiwa kwenye vamikulaiti, madini mepesi yanayoshika maji, iliyoloweshwa kwa maji yenye uzito sawa na wake, bila kugeuzwa upande uliokuwa juu, nyuzi 27. Moja liliota ukungu na kuporomoka. Mengine yalianza kupasuliwa baada ya siku 66, na katika watoto watano, watatu walikuwa na machungwa mapana na wawili mikanda myembamba, kama vile Brown angetarajia wa Davis Mountains.

Watoto hawapewi chakula mpaka wajivue gamba la kwanza. Watatu walikubali kichanga cha panya kilichopakwa harufu ya mjusi. Wawili walikataa kila kitu isipokuwa mkia wa mjusi, kisha mjusi mdogo mzima. Hao walikwenda kwa wafugaji waliokuwa na mijusi ya kutosha kwenye friza, kila mmoja na nakala ya kadi ya mama na ya baba, maili zikiwa zimeandikwa kama zilivyokuwa.