Tone la ndimu kabla ya kulipa

Kaunta yangu ya kwanza ya jikoni ilivimba kama andazi. Ilikuwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) iliyobandikwa fomaika nyeupe, na mwaka wa kwanza ilipendeza kweli. Lakini mimi hupika viazi karai vya kuuza, kila jioni, na sinki langu halipumziki. Maji yalipata mwanya pale fomaika ilipokatwa kupitisha sinki, yakazama ndani. Masika ya pili ukingo ulikuwa umeinuka, na ukibonyeza kidole kinadidimia.

Nikaamua, sasa ni jiwe. Kwa muuzaji niliyeelekezwa nikaona kipande cha marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, masalio ya kazi ya nyumba moja ya Nyali, hapa Mombasa, bei imeshuka. Nishatoa simu nilipe kwa M-Pesa, shangazi niliyekwenda naye akaniuliza, "Mwanangu, na huo ukwaju wako wa viazi ukimwagika?" Akatoa ndimu mkobani (kuna watu hutembea na ndimu, shangazi ni mmoja wao), akaomba kibanzi cha jiwe lile, akakikamulia tone. Tukapiga soga kama dakika kumi. Alipofuta, pamebaki doa lisilong'aa, na ukipitisha kidole unahisi mkwaruzo.

Muuzaji hakubisha. Marumaru ni jamaa ya chokaa, kama yale matumbawe yaliyojengewa nyumba za Mji wa Kale, na ukali wa ndimu huila chokaa. Doa lile husugui likatoka, maana ni jiwe lenyewe lililolika. Terazo nayo, niliyokuwa nikiifikiria, aghalabu ni vipande vya marumaru ndani ya simiti, basi ni yale yale.

Tukahamia kwenye granaiti. Ndimu haikuacha alama. Shangazi akadondosha maji: kwenye jiwe la kijivu yakazama baada ya dakika chache, pakabaki weusi wa unyevu, kwenye jeusi yakakaa juu vilevile. Nikachukua jeusi, unene wa milimita 20. Halikutosha, kwa hiyo upande wa jiko la gesi nikamalizia na lile la kijivu. Jeusi lina adha yake, unga ukidondoka chembe moja tu unaonekana kutoka mlangoni.

Fundi nilimsisitizia achonge mfereji mwembamba chini ya ukingo wa mbele, ili maji yadondoke chini yasirudi makabatini. Pia aweke egemeo pande zote mbili za sinki, kwa sababu hapo jiwe hubaki ukanda mwembamba na ndipo linapovunjika. Thomu natwangia sakafuni, jiwe lisije likapasuka.

Sasa, lile la kijivu. Ramadhani moja nilichoka, nikaacha mafuta yenye bizari ya manjano karibu na jiko usiku kucha. Asubuhi kuna duara la manjano kama sahani. Nilisugua kwa sabuni mpaka mkono ukauma, bure, kwa kuwa mafuta yalishaingia ndani. Kazi ilikuwa kuyavuta yatoke. Nikachukua bikaboneti ya soda, nikaikoroga na maji kidogo mpaka ikawa nzito, nikaipaka juu ya doa unene wa kidole, nikafunika kwa nailoni ya kufunikia chakula. Siku ya pili nikaondoa nailoni, nikaacha ikauke kabisa, nikapangusa. Mara ya kwanza duara lilipungua. Mara ya pili mafuta yakatoka, ukabaki umanjano hafifu. Hapo nikakumbuka mamangu anavyoanika leso zenye bizari juani. Kaunta haianikwi, lakini dirisha langu hupata jua la asubuhi, nikawa nalifungua mapema na kuondoa vyombo pale. Rangi ikafifia yenyewe.

Baada ya hapo nikanunua dawa ya kuziba jiwe. Unalisafisha, unaliacha likauke vizuri, unapaka, unasubiri muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha unafuta yote iliyobaki juu, la sivyo huacha utando. Nikitaka kujua kama imeisha nguvu, nadondosha maji. Yakianza kuzama, napaka tena. Lile jeusi sijalipaka kitu mpaka leo.