Hili neno "verse" limebeba mengi

Wengi tunalijua kupitia studio, msanii akisema vesi ya pili bado hajaandika anamaanisha ile sehemu anayochana kabla ya kurudi kwenye kiitikio, na kwenye hip hop mazoea ni baa 16, yaani vipande 16 vya mapigo. Sawa kabisa. Ila ukienda na maana hiyo kwenye kitabu cha ushairi cha Kiingereza utapotea, maana kule neno hilohilo lina kazi nyingi na mwandishi anaruka toka moja kwenda nyingine bila kukushtua.

Mwanzo lilikuwa mshororo mmoja tu. Asili yake Kilatini, versus, yaani kugeuka, lilitumika hata kwa mfereji unaochimbwa na jembe la plau, maana mkulima akifika mwisho wa shamba anageuza maksai anaanza kurudi, na mshororo nao ukiisha unageuka unaanza mwingine. Naipenda sana hiyo picha! Baadae likawa pia ubeti mzima, hasa wa wimbo. Kwenye Biblia ndo ile mistari yenye namba, ambayo kwa Agano Jipya iliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551.

Afu kuna maana pana, ushairi wenyewe ukiutenga na nathari (maandishi ya kawaida yasiyo shairi), na hapa ndo watu wanachanganya mno. Kuna "blank verse", haina vina lakini mapigo yapo, kila mshororo kwa kawaida una silabi kumi, na kati ya hizo tano zina mkazo, ndo Shakespeare kajaza kwenye tamthilia zake. Kuna "free verse", yaani shairi huru, hiyo imeacha vina na mizani vyote. Kwahiyo mtu akikwambia Shakespeare aliandika tamthilia zake kwa shairi huru mkatalie, shairi huru ni kama yale ya mshairi Kezilahabi kwenye kitabu chake Kichomi, 1974, yaliyowakera sana wanamapokeo, wale wanaotaka shairi lifuate vina na mizani.

Na jamani tusiite ubeti wa tarbia vesi. Ule una mishororo minne, kila mmoja mizani 16 iliyokatwa nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho, ni ufundi mwingine kabisa na majina yake tunayo.

Mi nikikutana nalo naangalia majirani zake. Kukitajwa sura na namba, ni mstari wa Biblia. Kukitajwa kiitikio, ni wimbo. Likiwekwa upande mmoja na nathari upande wa pili, hapo ni ushairi wote.