Gugu la Omiya

Nilipokuwa nasoma Saitama, Japani, nilipata kibarua cha Jumamosi cha kubeba vyungu katika bustani moja ya bonsai, ile miti inayodumazwa chunguni, kwenye kijiji cha bonsai kule Omiya. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1925 na wakulima wa bonsai waliohama Tokyo baada ya tetemeko la 1923, wakifuata maji safi na udongo mzuri. Walijiwekea masharti: kila nyumba iwe na bonsai zisizopungua 10, uzio uwe wa miti hai, ghorofa marufuku.

Siku moja ya vuli, Sensei, yaani mwalimu, ndivyo tulivyomwita yule mama wa bustani, alikuwa anapanga onyesho. Msonobari mweusi, mti wa pwani ya Japani, alishauweka juu ya kimeza chake. Pembeni, chini zaidi, palitakiwa mmea mdogo wa kuusindikiza, shitakusa, wa kumwonyesha mtazamaji majira na mahali mti unapotoka. Akanituma nikaulete.

Nilipouona nikasita. Majani yake yalikuwa mekundu kuanzia nchani, lakini ukoo wake naujua. Kwetu Muheza mizizi ya nyasi hizo hutoboa mihogo ardhini, na ukibakiza kipande kimoja tu, umebakiza shamba zima.

"Sensei, hili kwetu ni gugu."

Alicheka sana. Hata kwao ni gugu, akasema. Huota mchangani, kunakoota misonobari hiyo hiyo, ndiyo maana amelichagua. Utotoni walitafuna maua yake machanga kwa utamu wake. Akalinyanyua nione: halikuwa na chungu, mizizi ilishikwa na bonge la tope jeusi lililovikwa kuvumwani. Mbolea hulinyima kwa makusudi, majani yasije yakanenepa.

Kisha akalisogeza kushoto, akalirudisha, akaligeuza kidogo, mpaka majani yakainamia upande wa msonobari. Hapo alitumia muda mrefu kuliko aliotumia kwa mti wenyewe. Wageni walipoingia wote waliukimbilia msonobari, na kweli ulikuwa mzee kuliko babu yangu. Mimi naamini bila zile nyasi ungekuwa mti juu ya meza, basi.

Usiku nikampigia mama simu, nikamweleza.

"Wamelipanda? Kwa mikono yao?"

"Ndiyo mama, na wanalimwagilia."

"Haya, waambie waje na majembe. Huku lipo ekari nzima, na sidai hata senti."